Chakula cha Kwetu Katika Nchi za Watu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wazee na Wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Iguhu)



Hesabu za mwaka zimekwisha kusomwa. Katika hesabu hizo mmesikia kifungu cha matanga, kifungu cha karo za watoto, na kifungu cha nauli za wagonjwa. Na mwisho kabisa mmesikia kifungu kidogo kiitwacho "vifurushi vya ng'ambo". Hicho kifungu kidogo ndicho kilichotusimamisha hapa. Baadhi ya Wazee wameuliza, tena kwa haki, kwa nini fedha zilizochangwa kwa ajili ya wajane na yatima zitumike kupeleka unga kwa watu wanaokaa katika nchi zenye unga mwingi kuliko sisi. Wengine wamejibu, nao kwa haki, kwamba mtoto aliye mbali akiletewa kibaba cha wimbi hujua kuwa kwao hajasahauliwa. Kamati ilituagiza tulitazame neno hili kabla halijawa ugomvi. Tuliwauliza kwa barua na kwa simu vijana wetu walioko Uingereza, Marekani, Ujerumani na nchi za Waarabu za Ghuba, wanakula nini na wanakipata wapi. Na wale wachache waliorudi likizo tuliketi nao. Habari tulizozipata ndizo tunazozileta.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kula ugenini si jambo lililoanza jana katika nchi hii ya Idakho. Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, watu wetu wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, katika mashamba ya chai ya Kericho, na hata Jinja na Kampala; na aliyerudi kazini baada ya likizo alibeba unga na mboga zilizokaushwa juani. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa KAR walipelekwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kisha Burma, na mwaka 1944 walikuwa wakipigana huko katika mvua na matope ya bonde la Kabaw. Mwaka 1959 ilikwenda Marekani ndege ya kwanza ya wanafunzi, vijana 81, kwa juhudi za marehemu Tom Mboya na rafiki zake. Na kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Wengine katika miaka hiyohiyo walikwenda Urusi na nchi za Ulaya ya Mashariki. Wengi wa vijana hao walifika katika miji ambayo hapakuwa na duka hata moja la Mwafrika, wakala walichopewa mezani mwa chuo.

Wanaosafiri siku hizi ni watu wa namna nyingine. Mwaka 2021 serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi, na wengine huenda kwa njia zao wenyewe. Binti zetu wengi huenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na hao hula chakula cha nyumba ya mwajiri. Muuguzi huyu wa Uingereza hana meza ya chuo. Akitoka kazini usiku, hujipikia mwenyewe au hununua mkate na viazi vya kukaanga barabarani. Wauguzi wenyewe ndio waliotuambia kuwa wengi wao hunenepa katika mwaka wa kwanza, wakaanza kupimwa sukari na shinikizo la damu kama wagonjwa wanaowauguza. Kwa hiyo jambo hili, Wazee wetu, si la ulafi wala la kudekeza watoto.

Tuanze na ugali, maana wote walianza na huo. Marekani ina mahindi kupita nchi zote za dunia, lakini unga unaoonekana kwanza dukani ni wa njano. Wazee watakumbuka ukame wa 1984 na unga wa njano ulioletwa wakati ule, jinsi ulivyosemwa vibaya na bado ukaliwa. Unga mweupe upo pia, hasa katika majimbo ya kusini, na kijana akiuliza ataonyeshwa. Ajihadhari na unga wa Wamexico wa kuchomea mikate yao myembamba, kwa sababu mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa. Ukisongwa hunata kama udongo wa mfinyanzi na una harufu yake. Ajihadhari vilevile na unga wa njano uliokwisha kuchanganywa sukari na poda ya kuumulia, ambao ni wa keki. Huko Uingereza uko mtego mwingine. Neno "cornflour" lililoandikwa juu ya pakiti, ukilifasiri neno kwa neno ni unga wa mahindi. Kumbe ndani ni wanga mtupu wa kuzidishia mchuzi uzito. Kijana mmoja wa kwetu aliusonga, akapata kitu cheupe cha kuteleza, kama wanga uliokuwa ukipigwa kwenye kola za mashati zamani. Unga wenyewe wa ugali huko hupatikana katika maduka ya watu wa Nigeria, Ghana na Zimbabwe, kwa majina ya kwao. Waitalia nao wana ugali wao wa njano, uitwao polenta, uliosagwa kwa chembe nene kidogo. Aliyekosa yote hayo husonga semolina ya ngano, nayo hushikamana vizuri, ijapokuwa tumboni haikai kama mahindi.

Habari iliyotupendeza zaidi ni ya wimbi. Mababu zetu hawakula mahindi. Ugali wao ulikuwa wa wimbi na mtama, na mahindi yalienea katika nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Basi leo kijana wa Iguhu aliyeko London au Chicago akiingia katika duka la Mhindi akaomba "ragi", atapewa wimbi lile lile la nyanya yake, limesagwa na kufungwa vizuri. Si ajabu, kwa kuwa wimbi asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, nalo lilivuka bahari likafika India maelfu ya miaka iliyopita. Watu wa Karnataka, huko kusini mwa India, hulisonga katika maji ya moto mpaka likawa gumu, kisha hulifinyanga madonge na kulila kwa mchuzi. Mmoja wa vijana wetu alikaribishwa na jirani wa kutoka huko, akawekewa donge jeusi mbele yake, akatuandikia kwamba hakuamini macho yake. Mtama nao umo katika maduka hayo hayo kwa jina la "jowar". Wanachama wanaopeleka unga wa wimbi London kwa ndege, wakati ada ya posta inapita bei ya unga wenyewe, na walipime neno hilo.

Kuhusu kusonga kwenyewe kuna shida ndogo ambazo hapa hatuzijui. Majiko mengi ya umeme huko yana uso wa kioo, na sufuria nyepesi ya kwetu huteleza na kuzunguka juu yake. Inafaa sufuria nzito yenye mkono, ishikwe kwa mkono mmoja. Dirisha lifunguliwe, maana dari za nyumba zina kengele za moshi, na ugali ukishika chini kidogo jumba zima hutoka nje usiku wakidhani kuna moto. Mwiko mzuri haupatikani upesi, kwa sababu vijiko vyao vya mti ni vya kukorogea mchuzi, navyo huvunjika. Mwiko wa hapa ni mwepesi katika sanduku, na aghalabu hauulizwi na mtu.

Sasa tuje kwenye mboga, na hapa tunaomba mtuvumilie, kwa maana hapa ndipo yalipo mambo. Tulipouliza ni kitu gani wanachokikosa zaidi, hawakutaja nyama. Walitaja mrenda, kunde, managu, saga na mitoo. Wengi waliamini kwamba mboga hizi ni za Buluhya peke yake, na kwamba nje ya hapa hazimo duniani. Tulipozifuatilia moja moja tuliona sivyo.

Mrenda, ambao sisi huuita murere, ni mboga ya kifalme katika Misri. Wamisri huuita mulukhiya, nao huukatakata sana wakaupika kwa supu ya kuku au ya sungura, pamoja na kitunguu saumu na dania. Kitunguu saumu hicho sisi twaona kinauharibu, lakini kila mtu na ulimi wake. Kwa kuwa Waarabu wanaupenda, huuzwa popote walipo, umekaushwa katika pakiti au umegandishwa kwa barafu, kutoka Muscat hadi Michigan. Wayoruba wa Nigeria huuita ewedu na kuupiga mpaka ukavutika kama wetu. Wafilipino huuita saluyot. Wajapani nao walijifunza kuula, wakauita moroheiya. Binti mmoja wa kata hii aliyefanya kazi katika nyumba ya watu wa Ghuba alitueleza kwamba alikaa miezi mingi akila wali, hata siku moja akatumwa kuosha majani yaliyonunuliwa sokoni. Alipoyatia majini akaona ule utelezi, akawaomba ruhusa achukue kidogo apike kwa namna yake. Alipika pasipo kitunguu saumu, kwa magadi kidogo na chumvi. Tangu siku ile, asema, bibi wa nyumba alimwachia sehemu yake ya majani kila wiki.

Mchicha, yaani tsimboka, umeenea zaidi kuliko mrenda. Wajamaika huuita callaloo, na katika miji ya Uingereza unauzwa mbichi au ndani ya makopo. Lakini mtu asidanganywe na jina, maana watu wa Trinidad wakisema callaloo aghalabu humaanisha majani ya nduma. Wachina na Wahindi wanao, hata ule mwekundu. Wagiriki huula wakati wa joto, wakiuchemsha na kuutia mafuta ya zeituni na ndimu. Kwa wakulima wa Marekani wa pamba na soya, ndugu mmoja wa mchicha ni gugu baya lililowashinda, na humwagiwa dawa kali. Kwa sababu hiyo tumewaonya vijana wasichume kando ya mashamba, hata wakiyaona majani yamestawi namna gani.

Kunde zina hadithi yake. Mbegu zake zilivuka bahari ya Atlantiki pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, na leo ni chakula kinachoheshimiwa sana kusini mwa Marekani, wakila mbegu. Majani hayauzwi kwa kawaida. Lakini kunde kavu za dukani, zile nyeupe zenye jicho jeusi, aghalabu huota zikipandwa, mradi baridi imekwisha na udongo umepata joto. Muuguzi mmoja katika mji wa kaskazini mwa Uingereza huzipanda kila mwezi wa Juni katika ndoo tatu dirishani, akachuma majani machanga mpaka Septemba. Sukuma wiki haina taabu. Wamarekani Weusi wanaipika tangu zamani kwa jina la collards, na Waingereza wana majani ya namna hiyo.

Saga hatukuipatia njia nzuri. Liko ua la bustani huko, ndugu yake, lenye majani yanayofanana na vidole vya mkono. Si saga, wala lisiliwe. Wapishi wetu wa huko huchukua majani ya haradali, ambayo ni makali, wakayachemsha na kumwaga maji ya kwanza, kisha wakayatia maziwa na kuyalaza hadi kesho yake. Yanakaribia saga, hayafiki. Mitoo haipatikani kabisa.

Kuhusu managu twataka kusema kwa uzito. Mimea ya jamii ya mnavu huota yenyewe kandokando ya nyua za Ulaya, na mtu mwenye hamu anaweza kudhani amefika kwao. Lakini katika nchi hizo pia huota mmea mwingine wa ukoo huo, wenye matunda meusi ya kung'aa, ambao sumu yake huua. Na hata mnavu wenyewe si wa namna moja, na matunda yake mabichi ni hatari. Sisi hapa tunaujua wetu kwa kuzaliwa nao. Huko, asiyeupanda mwenyewe kwa mbegu anayoijua asiuchume. Na wazazi wasiwatie watoto moyo katika simu wakisema, "Chuma tu, mwanangu, ni ule ule."

Mboga zetu bila musherekha zina upungufu, na swali hili lilitoka karibu katika kila barua. Vijana wengi hawajui musherekha ni nini hasa. Wanajua tu kwamba bibi alikuwa na chungu chenye matundu kona ya jiko. Ni maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda na mabua ya maharagwe, au ya maganda ya ndizi. Yana chumvichumvi ya namna ya magadi, ambayo hulainisha jani gumu na kulihifadhi rangi yake ya kijani. Mahali pake huko hukaa magadi soda ya dukani, si hamira wala poda ya keki, kiasi cha ncha ya kijiko kwa sufuria nzima. Yakizidi, mboga hunuka sabuni na sehemu ya nguvu zake hupotea. Mwenye shinikizo la damu apunguze na chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake, iwe ni magadi au ni musherekha.

Maziwa ya kutia mboga yapo ya kila namna. Kuku yupo, ila ni mchanga na mlaini, akichemshwa kwa saa moja nyama huachana na mfupa kabla supu haijapata ladha. Inafaa kuomba kuku mzee aliyekwisha kutaga, ambaye wachinjaji Waislamu na maduka ya Waafrika Magharibi huwa naye. Katika desturi yetu firigisi ina mwenyewe, na imewahi kuvunja urafiki. Huko firigisi huuzwa peke yake, ishirini katika sahani moja, kwa bei ndogo kuliko paja, na kijana asiye na mke wala kiti cha uzee huzila zote jioni moja. Wazee watatuambia kama hilo lina faini.

Jambo moja dogo la kupikia liliwashangaza wengi. Iguhu iko juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, na katika kimo hicho maji huchemka kabla ya kufikia moto wa digrii 100, yapata 95. Katika miji iliyo karibu na usawa wa bahari maji huchemka kwa moto zaidi, kwa hiyo maharagwe na nyoyo huiva mapema kuliko hapa, na mpishi aliyezoea saa za nyumbani hukuta yamevurugika.

Vifurushi vyenyewe vinapata shida mpakani. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingiza nyama wala maziwa. Na tangu Desemba 2019 matunda na mboga mbichi karibu zote hutakiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Marekani hutaka kila chakula kitajwe katika hati ya forodha, na kuku aliyekaushwa kwa moshi hapiti. Mbegu nazo zina masharti yake. Mama mmoja wa hapa alimfungia mwanawe kuku wawili wa moshi na mboga kilo tatu; vyote vilitupwa mbele ya macho yake katika uwanja wa ndege, na kijana akaandikiwa faini. Fedha ile ingelipa karo ya muhula.

Baada ya kuyakusanya haya yote, tuliona jambo ambalo hatukulitazamia tulipoagizwa. Tulidhani tutakuta kwamba wanaokula vizuri ni wale walioko katika miji mikubwa yenye maduka mengi, au wale wanaoletewa vifurushi. Haikuwa hivyo. Wanaokula vizuri ni wale waliokaa jikoni na mama zao kabla ya kuondoka. Binti yule wa Ghuba aliujua mrenda kwa vidole, kabla hajajua Mwarabu anauitaje. Vijana wengine wawili walikaa miaka minne katika mtaa uliojaa maduka ya Wahindi na Waarabu, wakipita kila siku mbele ya wimbi na mrenda, wakituandikia kulalamika kuwa nchi ile haina chakula. Walikuwa wamekula mboga hizo tangu utoto, zikiwa zimeiva katika bakuli. Jani bichi hawakuwahi kulishika.

Na tusiseme kwamba ni wa ng'ambo tu. Hapa hapa Iguhu wako watoto wanaomaliza shule ya upili ambao hawawezi kutenganisha saga na mitoo katika kikapu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezichunguza mboga hizi tangu miaka ya 1990, na mwaka 2021 UNESCO iliandika kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika daftari la mifano bora, kama ilivyoandika ngoma yetu ya isukuti mwaka 2014 katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa upesi. Twafurahi kwa heshima hizo. Lakini daftari la UNESCO halitamwonyesha mtoto kiasi cha magadi.

Tunajua baadhi ya Wazee hawatapenda tutakalolisema juu ya wavulana. Imesemwa katika mkutano huu huu, mwaka jana, kwamba mwanamume hana kazi jikoni. Kwa heshima zote twauliza: wale waliokaa katika nyumba za reli za Muthurwa miaka ile, chumba kimoja wanaume kadhaa, wake zao wakiwa huku wakilima, walipikiwa na nani? Walipika kwa zamu, na asiyejua kusonga alichekwa. Wako Wazee waliomo humu ambao ugali wao ulisifiwa mtaa mzima wa Kaloleni, nasi hatutawataja kwa majina mbele ya wake zao.

Kwa hiyo tunauomba mkutano uamue mambo haya. Kifungu cha vifurushi kifungwe kuanzia mwaka ujao, isipokuwa kwa mgonjwa au mfiwa. Nusu ya fedha zake irudishwe katika kifungu cha wajane. Nusu nyingine inunue kuni, sufuria na mboga za kufundishia, ili kila mwenye safari, mvulana kwa msichana, aketi jikoni Jumamosi tatu kabla ya kuondoka, avune, achambue, apike na kuonjwa na wenye kujua. Kamati itengeneze daftari dogo lenye majina ya mboga kwa lugha yetu, kwa Kiswahili, na kwa majina yaliyoandikwa juu ya pakiti huko. Sehemu ya kwanza tumekwisha kuiandika, na yeyote aliye na mtoto ng'ambo atuletee majina tusiyoyajua. Kila asafiriye apewe mwiko mmoja.

Anayetaka kumtumia mwanawe unga kwa fedha zake mwenyewe hatumkatazi.

Mama zetu wanne wamekubali kufundisha, na wamesema wataanza na musherekha. Wameomba wenye maharagwe wanaoyapura wiki hii wasiyatupe maganda wala kuyachoma shambani, bali wayaanike na kuyaleta kwa Mwandishi wa Chama kabla ya Jumamosi.